Mbegu Zilizoelea

Gekara alikuwa na majivuno ya aina moja tu, lakini hiyo moja ilimtosha. Hakujisifia nguvu, maana alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe. Hakujisifia sura, na hapo alifanya busara. Alichojivunia ni mbegu. Kwa miaka kumi na minane alikuwa nyapara wa nasari, yaani kitalu cha miche, katika shamba moja la chai, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka soko la Roret. Mgeni akisimama mlangoni pake, huko kwenye laini za nyumba za wafanyakazi, na kutazama vilima vilivyojaa chai mpaka macho yachoke, Gekara alimwambia bila haya yoyote, "Hiyo yote imepitia kwenye hii mikono."

Na ilikuwa kweli. Mkewe Elmina alijua ni kweli, ndiyo sababu hakuwahi kumcheka. Yeye alikuwa mchumaji, kikapu mgongoni tangu umande haujakauka, na kila alipovunja majani mawili na chipukizi lake alijua kwamba mti ule mumewe aliulea tangu ukiwa punje. Alijivunia jambo hilo. Lakini kujivunia kazi ya mwingine ni sawa na kuota moto wa jirani: unapata joto, ila kiti si chako. Elmina alikuwa na miaka thelathini na sita, na hakukuwa na kitu hata kimoja duniani ambacho watu walikitaja na kusema, hiki ni cha Mama Kepher, kama alivyoitwa kwa jina la mwanawe.

Alitaka kiwepo. Hakumwambia mtu, lakini alitaka sana.

Mwaka huo, wa hamsini na moja, mwanamke mmoja Mkikuyu aitwaye Waceke alifungua hoteli pale Roret. Watu walimwita Mama Nyathira, kwa jina la binti yake. Hoteli yenyewe ilikuwa mabati matupu na mabenchi matatu, lakini harufu yake ilimshika mtu begani barabarani na kumwingiza ndani. Waceke alikuwa amepika miaka saba huko Londiani, nyumbani kwa Mhindi mwenye kiwanda cha mbao, na alipoondoka aliondoka na ujuzi ambao hakuna aliyeweza kuupekua kwenye mzigo wake. Alipika karanga, ule mchuzi mzito wa nyama na viazi, kisha, sufuria ikiwa tayari kuepuliwa, akamwagia juu majani fulani mabichi yaliyokatwakatwa. Hayo majani ndiyo yaliyofanya wanaume watoke shamba la tatu kwa miguu kuja kula.

Elmina aliyaonja Jumapili moja baada ya kanisa. Alikula kijiko cha kwanza, akatulia. Alikula cha pili, akainuka na bakuli lake mpaka jikoni.

"Mama Nyathira, hii ni nini?"

Waceke alicheka. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. "Hiyo inaitwa dania. Kuja uone." Akamwonyesha kifungu cha majani ndani ya gunia lililoloweshwa. "Hii inakuja na lori kutoka Londiani. Ikifika hapa imelala kama mgonjwa. Nusu natupa. Mimi hapa sina shamba, niko na hii uwanja ya mawe na mbuzi za watu."

"Inapandwa?"

"Kila kitu inapandwa, Mama Kepher, ukipata mwenye mkono." Kisha Waceke alimtazama vizuri, kama mtu anayechagua viazi. Akaingia ndani, akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo. "Hizi mbegu nilikuja nazo mwenyewe. Unazifinya na chupa mpaka zipasuke mara mbili, unaziloweka usiku moja, unafukia kidogo tu. Ukiotesha, sinunui kwa mtu mwingine tena. Na mtu akiniuliza hii dania ni ya nani, nitamwambia ni ya Mama Kepher."

Elmina alirudi nyumbani saa nzima bila kuhisi miguu yake. Ile sentensi ya mwisho alikuwa ameishika mkononi pamoja na kitambaa.

Jirani yake Phelis, ambaye ukuta wake na wa Elmina ulikuwa mmoja, alipewa alinuse jani moja la ile dania ya hotelini. Alilinusa, likamnukia kunguni, akalitupa. "Mama Kepher! Mwaka mzima tumepigana na kunguni humu ndani, sasa wewe unataka kuwapanda?"

Walicheka mpaka machozi. Lakini Elmina alikuwa amefanya kosa moja, ambalo mke yeyote wa Gekara angelifanya. Alimwonyesha mumewe zile mbegu. Kwa nini asimwonyeshe? Ukiwa na fundi wa mbegu nyumbani, utaficha mbegu?

Gekara alizimimina kiganjani, akazigeuza kwa kidole. Zilikuwa ndogo, za mviringo, rangi ya majani makavu, kubwa kuliko punje ya wimbi na ndogo kuliko kunde.

"Nyepesi," alisema.

"Mama Nyathira amesema nizifinye na chupa zipasuke."

"Kupasua mbegu?" Gekara alishtuka kwelikweli, kama aliyeambiwa afinye mtoto. "Huyo ni mpishi, Mama Kepher. Apasue viazi. Mbegu haipasuliwi na mtu, inajipasua yenyewe. Niachie mimi."

Hapo lazima nieleze mambo ya nasari, maana bila hayo utamwona Gekara mjinga, na mjinga hakuwa. Mbegu ya chai ni kubwa kama gololi. Huwezi kujua uzima wake kwa kuitazama, kwa hiyo unaitia ndani ya maji. Iliyo nzima imejaa, ni nzito, inazama. Iliyokufa ina hewa ndani, inaelea, na iliyoelea hutupwa. Gekara alikuwa amefanya hivyo na magunia kwa magunia ya mbegu, na maji hayakuwahi kumdanganya hata siku moja. Kwake yeye karai la maji lilikuwa mahakama, na hukumu yake haikuwa na rufani.

Jumamosi alasiri, kazi ikiwa imekwisha, alitoa karai nje, mbele ya nyumba. Majirani walikusanyika, maana Gekara akipima mbegu watu hutazama. Phelis alikuwepo, na Osoro, kijana wa kiwandani mwenye mdomo usiojua kufungwa. Elmina alisimama karibu zaidi kuliko wote, leso ameikaza kiunoni, amejaa fahari, kwa sababu mara hii mbegu zilizopimwa zilikuwa zake.

Gekara akazimwaga. Zikaelea.

Akazitia kidole, zikazunguka, zikaelea. Akangoja. Alijaza kiko chake, akakivuta mpaka kikaisha, na zile mbegu zilikuwa bado juu ya maji kama bata. Haikuzama hata moja.

"Zimekufa," alisema Gekara. Akafikiri kidogo, na ingekuwa heri asingefikiri. "Mbegu haiwezi kufa yote hivi, hata moja isibaki. Hizi zimekaangwa. Huyo mama amezipitisha kwenye kikaango kwanza, ndipo akakupa. Hataki mwingine awe nazo."

"Baba Kepher, Mama Nyathira hawezi..."

"Maji yamesema."

Akaliinua karai, akalipeleka nyuma ya nyumba, akamwaga maji pamoja na mbegu kwenye shimo dogo ambako Elmina alitupia majivu na samadi ya mbuzi. Elmina aliyasikia yakimwagika. Kooni alikuwa na neno, lakini mbele ya majirani wote, na mbele ya mtu ambaye vilima vyote vile vilikuwa ushahidi wake, lile neno lilikosa njia ya kutokea. Akanyamaza.

Osoro hakunyamaza. Kesho yake Jumapili, hoteli ikiwa imejaa, alimwuliza Waceke kwa sauti kubwa, eti hiyo karanga nayo ameikaanga mara mbili kama mbegu za watu. Waceke akauliza nani amesema hivyo. "Gekara wa nasari," akajibiwa, na baada ya jina hilo hakuna aliyebishana. Wiki hiyo hiyo watu wa laini walianza kula mandazi kwa mtu mwingine. Mwanamke aliyekaanga mbegu na kumpa mwenzake, walisema, atashindwa kukutilia nini kwenye bakuli?

Elmina alikwenda kumwona Jumapili iliyofuata. Mabenchi mawili kati ya matatu yalikuwa matupu. Waceke alikuwa akipangusa meza iliyokuwa safi tayari.

"Wewe ulikuwa hapo wakati alisema?" Waceke aliuliza. Sauti ile ya ng'ambo ya mto ilikuwa imeshuka.

"Nilikuwa."

"Ukasema nini?"

Elmina alitazama chini.

"Basi mimi na wewe tumemaliza, Mama Kepher. Mtu akinitukana naweza kumsahau. Wewe nilikupa na mkono yangu, na ulinyamaza."

Elmina alirudi nyumbani, na mara hii kila jiwe la njiani alilihisi.

Mvua zikanyesha, kama zinavyonyesha nchi hiyo, kila siku saa nane bila kuomba ruhusa. Karibu wiki tatu zilipita. Asubuhi moja Elmina alikwenda kumwaga majivu nyuma ya nyumba, akasita, sahani ya majivu mkononi. Pembeni mwa shimo, kwenye udongo mweusi, vijimche vyembamba vilikuwa vimesimama kwa kundi, kila kimoja na vijani viwili virefu. Kimoja kilikuwa bado kimevaa ganda la mbegu kichwani, kama mzee mwenye kofia ndogo.

Elmina alipiga magoti. Alivunja kipande cha jani, akakisugua, akanusa vidole vyake.

Kunguni! Kunguni wa Mungu, watamu, walio hai!

Alicheka peke yake huku ameshika mdomo. Ziliota! Ziliota bila chupa, bila kivuli, bila mtu, pamoja na kutukanwa juu. Alitafuta pale chini kwa kidole, akagundua jambo jingine: kutoka punje moja ilikuwa imetoka miche miwili. Si katika punje moja tu, katika nyingi. Mbegu ambayo mumewe aliiita maiti ilikuwa imezaa mapacha. Aling'oa ganda moja pamoja na mapacha wake, akalifunga kwenye ncha ya leso.

Furaha hiyo ilidumu mpaka aliposimama. Aliposimama aliona mambo yote mawili kwa pamoja. Kama dania hii ingejulikana, Waceke angesafika, na jina la Elmina lingetajwa Roret kama alivyoahidiwa. Lakini jina la Gekara je? Mtu huyo hakuwa na ng'ombe wa kutajwa, wala shamba kubwa huko kwao Kisii. Alikuwa na neno lake kuhusu mbegu, basi. Ukilivunja hilo mbele ya watu, utakuwa umembakizia nini?

Kwa hiyo alizilea kimya. Huko nyuma Gekara hakufika. Majivu, mboga na maji machafu yalikuwa mambo ya wanawake. Elmina alipunguza miche iliyobanana, akaihamisha kidogo kwa kijiko, ikanyauka, akajifunza kwamba dania haipendi kuhamishwa kama chai. Alipalilia kwa vidole. Siku za mvua kali aliifunika kwa kikapu kikuukuu. Majani ya kwanza marefu yalifuatwa na mengine ya mviringo yenye pindo, kama leso iliyoshonwa na mtu mwenye subira. Ikafika kifundoni, ikafika nusu ya muundi, na upepo ukivuma Phelis alitoa kichwa dirishani.

"Hawa kunguni wako wamenenepa," alisema Phelis. Alikuwa amejua tangu siku ya pili. Ukuta mmoja hauna siri. Naye akatoa shauri, na lilikuwa shauri zuri kwa kulitazama. "Mpelekee Mama Nyathira kwa mlango wa nyuma. Mwambie mbegu ulipata kwingine. Yeye apate dania, mzee abaki na jina lake, wewe ubaki na ndoa yako. Nani ameumia?"

Elmina alilala na shauri hilo siku tatu, na Jumamosi akakata kifungu kikubwa, akakifunga kwa kitambaa kilicholowa, akaenda Roret. Alipitia nyuma, kati ya mbuzi na mawe.

Waceke alifungua mlango, akaona, na mkono wake ukatoka wenyewe kugusa yale majani. Yalikuwa yamesimama, yanang'aa, mabichi kuliko kitu chochote kilichowahi kushuka kwenye lori la Londiani. Kwa muda mfupi uso wake ulikuwa wa mpishi tu.

"Ni ya mbegu yangu?"

Elmina alikuwa na ule uongo tayari, ameufunga vizuri kama kile kifungu. Ukamshinda kuufungua. "Ni ya mbegu yako."

"Ziliota."

"Ziliota zote. Mbili mbili."

Waceke alirudisha mkono wake, akaupangusa kwenye aproni. "Sasa mbona umekuja na mlango ya nyuma?" Elmina akakibana kifungu kifuani. "Mimi nilitukanwa mbele, Mama Kepher. Watu walikuwa wamekaa kwa benchi. Siwezi kurudishiwa jina yangu hapa nyuma, na mbuzi. Rudi nayo."

Akafunga mlango, taratibu, bila kuubamiza, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi.

Elmina alisimama pale akiwa na dania yake. Kwanza alimkasirikia Waceke. Halafu alimkasirikia Osoro na mdomo wake, na Phelis na mashauri yake. Alipofika barabarani hasira ilikuwa imezunguka kote ikakosa pa kukaa, ikamrudia mwenyewe. Alikuwa amelea kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kulea baada ya mwanawe, na alikuwa akikibeba kwa kujificha kama kitu cha wizi. Alimwonea nani haya? Mbegu?

Akapita kwa Kipyegon mchinjaji, akanunua nyama, akaenda nyumbani akapika. Alipika kama alivyomwona Waceke akipika: nyama iive, viazi vivurugike kidogo pembeni, kitunguu kiishe chenyewe. Sufuria ikiwa tayari kuepuliwa, alikatakata dania akaimwaga juu, akafunika. Jua lilikuwa bado juu ya vilima Gekara alipoketi kula.

Alikula kijiko cha kwanza, akatulia. Elmina aliutambua utulivu ule.

"Umenunua kwa yule mama?"

"Kula kwanza, Baba Kepher."

Alikula, akaongezwa, akamaliza, akapangusa bakuli kwa kipande cha ugali. Kisha Elmina akasema, "Njoo huku nyuma," na miaka kumi na tisa ya ndoa yao haikuwahi kusikia sauti hiyo.

Gekara alisimama mbele ya dania muda mrefu. Hakuuliza ni nini. Alichuchumaa kama anavyochuchumaa nasari, akaangalia shina, akaangalia nafasi kati ya mche na mche, akagusa udongo. Mkono wake ulipita juu ya majani bila kuyaumiza. Elmina aliutazama mkono huo na moyo ukamlainika, lakini hakulainisha maneno.

"Hizi ndizo ulizomwaga."

"Zilielea," alisema Gekara.

"Zilielea, na ziliota."

"Labda upepo ulileta nyingine..."

Elmina alifungua ncha ya leso, akatoa kitu alichokuwa amekiweka tangu siku ya kwanza: lile ganda la mbegu, na vile vijimche viwili vikavu vikiwa bado vimetoka ndani yake. Akaliweka kiganjani mwa mumewe. Gekara aliligeuza kwa kidole, upande huu na upande ule, kama siku ile.

"Mbili," alisema. "Kutoka moja."

"Mbili kutoka moja. Na Mama Nyathira alisema zipasuliwe mara mbili, ukamcheka. Hukujua, Baba Kepher. Si aibu kutojua. Lakini umemwita mwanamke wa watu mwongo, benchi zake zimekaa tupu, na mimi nilisimama hapo nikanyamaza kwa sababu nilikuogopea jina. Leo nimechoka kunyamaza. Nimezilea mimi hizi. Nataka zijulikane."

Gekara alirudi ndani akakaa, ganda lile mkononi. Siku zote za wiki iliyofuata alikwenda kazini akarudi akizungumza machache, na Elmina alifua, akapika, akachuma chai, akingoja, akijiambia kwamba huenda amemvunja mtu ambaye hakuwa na kingine.

Jumapili, baada ya kanisa, Gekara hakuvua koti lake jeusi. Alikwenda nyuma ya nyumba, mwenyewe. Aliporudi alikuwa amekumbatia kifungu cha dania, kimefungwa kwa ukindu jinsi miche inavyofungwa nasari, mizizi haikuguswa, mabua yamekatwa sawasawa.

"Twende," alisema.

"Nipe nibebe."

"Nitabeba mimi."

Sasa elewa jambo hili: nyapara wa nasari, mzee mwenye koti na kofia, akibeba mboga kifuani katikati ya laini, mchana, mkewe akitembea mikono mitupu ubavuni mwake. Watu walitoka milangoni. Phelis alishika kichwa. Mbele kidogo Osoro akapaza sauti, "Mzee Gekara, siku hizi tunauza mboga?"

"Siku hizi tunajifunza," alisema Gekara bila kupunguza mwendo. "Tufuate. Wewe ulipeleka neno langu Roret bila kutumwa. Leo nenda ukasikie la pili."

Na Osoro akafuata, na wengine wakamfuata Osoro, kwa hiyo walipofika hotelini walikuwa msafara.

Gekara aliingia kwa mlango wa mbele. Alivua kofia. Waceke alikuwa amesimama nyuma ya meza, mikono kifuani, akamtazama yeye, akamtazama Elmina, akaitazama dania. Hakumkaribisha mtu kiti.

"Mimi ni Gekara wa nasari," alisema mzee yule, kama vile kuna asiyemjua. Akawageukia watu. "Nilisema mbegu za mama huyu zimekaangwa. Nilisema mbele ya watu. Mbegu hazikukaangwa, zilikuwa nzima kuliko zote nilizowahi kushika. Maji hayakudanganya, mimi niliyauliza swali la chai kwa mbegu isiyo ya chai. Mama Nyathira, nilikukosea." Akaweka kile kifungu juu ya meza. Kisha, wakati watu wakidhani amemaliza, akainua kichwa, na Elmina akaona yale majivuno yake ya zamani yakirudi usoni, mazima, ila yamebadili mahali pa kukaa. "Na hii dania sikuilea mimi. Msije mkasema ni ya Gekara. Mimi niliitupa. Ni ya Mama Kepher."

Waceke alinyoosha mkono akakishika kifungu, akakinusa, akakigeuza. "Hii kazi iko na mwenyewe," alisema. Halafu ile sauti ya ng'ambo ya mto ikarudi yote kwa mara moja. "Mama Kepher, kuja huku ndani, unasimama huko kama mgeni! Na wewe mzee, keti. Leo utakula, na utakula polepole, ndio hawa wote wakuone."

Gekara aliketi benchi la mbele akala mbele ya watu wote, kwa utii, kama mtu anayekunywa dawa aliyogundua kuwa ni tamu. Osoro aliketi karibu naye, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ulikuwa na kazi nyingine. Huko jikoni wanawake wawili walikatakata dania bega kwa bega. Hawakuzungumzia yaliyopita. Elmina alimsikia mtu akiuliza kwenye mabenchi majani haya mazuri hivi ni ya lori gani, na Waceke akajibu bila kugeuka, "Hiyo si ya lori. Hiyo ni dania ya Mama Kepher." Kisu kilitulia mkononi mwa Elmina. Alitaka kulia na alitaka kucheka, akaishia kukata majani mengine zaidi ya yaliyohitajika.

Tangu siku hiyo alipeleka dania kila Jumapili, kwa mlango wa mbele. Miche michache aliiacha ikue mpaka mwisho: ikarefuka, ikatoa maua madogo meupe, kisha punje za kijani zilizokauka zikawa na ile rangi ya majani makavu. Alizivuna akazianika juu ya gunia, akaweka nusu kwenye mkebe wa kahawa.

Msimu wa mbegu ulipofika, Gekara alipewa vibarua wapya sita wa kufundisha. Elmina alikuwa akipita na kikapu chake kitupu alipomwona amesimama mbele ya lile karai, akiwaonyesha chai iliyozama na chai iliyoelea, akisema kwa sauti ile ile ya mahakama. Alipomwona mkewe, akamwita.

"Mama Kepher! Una ule mkebe?"

Kando ya vitalu vya chai alikuwa amelima tuta moja dogo, udongo umechekechwa, kingo zimenyooka kama mstari wa daftari. Elmina alikuwa hajawahi kuingia nasari ila kupita. Akaenda nyumbani, akarudi na mkebe na chupa. Kibarua mmoja, aliyetaka kuonekana mwepesi wa kuelewa, akasogeza karai la maji karibu na zile mbegu.

"Mzee, na hizi tuzitie?"

"Usiniulize mimi," alisema Gekara, akarudi nyuma hatua moja, akakunja mikono, akasimama pamoja na wanafunzi wake. "Mwenye mbegu ndiye huyo."

Elmina aliwatazama wote saba. Akapiga magoti, akamwaga mbegu juu ya gunia, akalaza chupa juu yake. "Sogeeni," aliwaambia. "Hizi tunaanza kwa kuzipasua."